Makadirio ya Jiko la Mama

Hesabu ni elimu njema, lakini haina macho. Huweza kutuambia kuwa tatu ni kubwa kuliko mbili. Haiwezi kutuambia tatu za nini wala mbili za nani. Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa miaka mingi, na kazi yangu ni kupima maneno ya watu: hili limesema nini, na lile limeficha nini. Nilidhani mtu mwenye kazi kama hiyo hawezi kupotezwa na karatasi ya fundi. Nilijidanganya. Karatasi tatu, zilizoandikwa kwa ajili ya jiko la mama yangu, zilinirudisha darasani nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Na kwa kuwa somo lile lilikaribia kunipita, naona ni haki niliandike.

Watu wengi wakisikia jina la Kigoma hukumbuka ziwa, mawese, dagaa na joto. Hawakosei, ila wanakumbuka nusu ya mkoa. Ziwa Tanganyika limelala mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Buha, wanakokaa Waha wa Kasulu na Kibondo, zimepanda mamia ya mita juu yake. Huko kiangazi kina sura mbili. Mchana jua huwaka na vumbi jekundu hupanda hata kwenye majani ya migomba. Usiku, kwa kuwa mbingu haina wingu la kuizuia, joto lote la ardhi hupaa na kupotea. Mwezi wa Juni na Julai mtu huamka akakuta ukungu umejaa mabondeni, na maji ya mtungini yanauma meno. Nchi za baridi zina mabomba ya maji ya moto yaliyopitishwa ukutani na mafundi wa kuyatengeneza. Sisi hatuna mabomba hayo. Tuna jiko. Jiko la Kiha hupika chakula, hukausha mahindi, hufukuza wadudu darini, na jioni huwa ndilo joto la nyumba nzima.

Mwaka 2016 nilimjengea mama yangu nyumba mpya karibu na mji wa Kasulu. Nilijivuna nayo. Ilikuwa na kuta za tofali za kuchoma, bati jipya, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo. Wageni waliisifu, nami nilizipokea sifa zao kama mtu anayepokea haki yake. Jambo moja sikulifikiri: nyumba ile haikuwa na mahali pa moto. Jiko la zamani, kibanda cha udongo chenye mafiga matatu, lilibaki uani, likaachwa lizeeke. Paa la nyasi lililoshika joto nililiita umaskini. Bati lililolipoteza joto hilo kabla ya saa nne za usiku nililiita maendeleo.

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, mwaka 2024, mama alishindwa kustahimili baridi. Alitwaa jiko dogo la mkaa, akalitia chumbani kwake, akafunga mlango na madirisha yale ya vioo niliyojivunia, akalala. Alfajiri mjukuu wake alimwita asiitikiwe. Alisukuma mlango akamkuta amelegea, hajui yuko wapi. Majirani walimtoa nje, wakamfikisha hospitali, na kwa rehema ya Mungu alipona. Mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huitangulia oksijeni katika damu na kuinyang'anya nafasi yake. Mtu hulala akidhani amepata raha, kumbe anaziba pumzi yake mwenyewe.

Habari ilinifikia kwa simu nikiwa chuoni. Neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa lawama: kwa nini mama amefanya hivyo? Neno la pili lilinijia taratibu, nalo lilinitahayarisha: ni nani aliyemjengea nyumba isiyo na moto?

Nilisafiri hadi Kasulu. Dada yangu, anayekaa Kibondo, alikwisha kufika. Tulilitazama jiko la zamani kwa macho ya watu walioogopeshwa. Ukuta wa upande wa upepo ulikuwa umepasuka, nyasi zilivuja, na moshi haukuwa na njia ila macho na mapafu ya mpishi. Kikohozi cha mama cha miaka mingi, ambacho tulikizoea kama tunavyozoea sauti ya saa, sasa tulikisikia upya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 ulimwenguni. Wala jambo hili si la maskini peke yao. Mwezi wa Desemba mwaka 1952 mji wa London, uliokuwa ukiota moto wa makaa ya mawe katika maelfu ya nyumba, ulifunikwa na moshi kwa siku tano, na maelfu ya watu wakafa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa huko mwaka 1956. Moto ni rafiki wa binadamu mahali popote, lakini ni rafiki wa kuwekewa mipaka.

Basi tukakubaliana kuwa lazima kitu kifanyike kabla mwezi wa Julai haujaisha. Tulitofautiana juu ya kitu chenyewe. Nilisema kama wasemavyo watu waliosoma: tuite mafundi watatu, tupate makadirio matatu, kisha tulinganishe. Jifya moja haliinjiki chungu, na bei moja haimpi mnunuzi akili. Dada yangu aliridhika, nami nikajiona nimekwisha kulitatua jambo.

Fundi wa kwanza alikuwa mwashi mzee wa kijijini, mtu wa makamo ya mama. Alikuja na mwiko na kamba, akaamkiana na mama kwa Kiha kwa muda mrefu hata nikaanza kutazama saa. Aliomba kiti, akaketi ndani ya jiko bovu lile karibu na mama, akamwuliza mambo ambayo kwangu yalikuwa ya upuuzi: huketi upande gani akipika, mkono wake upi unauma, wajukuu hukaa wapi jioni. Kisha akaandika kwenye ukurasa wa daftari: kurekebisha jiko, ukuta mmoja mpya, meko ya tofali, dohani ya tofali, na mwisho kabisa maneno mawili, "kibaraza, 15,000." Jumla yake shilingi 185,000.

Fundi wa pili alitoka Kasulu mjini. Alikuwa kijana hodari, mwenye utepe wa kupimia na simu ya kupigia hesabu. Hakuketi. Alipima kila upande, akasema jiko la zamani halifai hata kwa kuku, libomolewe. Badala yake atajenga chumba kipya chenye jiko banifu la matundu mawili, la kupikia kwa kusimama, na dohani ya bati. Karatasi yake ilichapwa, ina safu na mistari, na chini yake muhuri. Jumla yake shilingi 740,000.

Wa tatu hakuwa fundi wa kujenga bali mwenye duka la Kibondo, aliyeletwa na dada yangu. Yeye alisema zama za kuni zimekwisha. Alituandikia jiko la gesi la meko mawili, mtungi wa kilo 15 uliojaa, mpira wake na kifungo chake, pamoja na hita ya umeme ya chumbani. Jumla yake shilingi 390,000, na kazi inamalizika kwa siku moja.

Usiku ule nilizitandaza karatasi zote mezani. Msomaji, jaribu kuniona: daktari wa falsafa, miwani puani, kalamu mkononi, blanketi mabegani kwa baridi ya nyumba yangu mwenyewe niliyoijenga. Niliandika 185, nikaandika 390, nikaandika 740. Nikasema moyoni kuwa ya kwanza ni rahisi mno, kwa hiyo ni mbaya. Ya mwisho ni ghali mno, kwa hiyo ni ya hila. Ya katikati ndiyo ya busara. Hivyo ndivyo watu wengi wafanyavyo mbele ya bei tatu: hukimbilia ya kati, wakadhani wamepima, kumbe wameogopa tu pande mbili.

Lakini mazoea ya kazi hayaachi mtu. Nilianza kuzisoma karatasi zile kama ninavyosoma insha za wanafunzi, nikitafuta lililoachwa. Ya fundi mzee ilikuwa ujira mtupu. Tofali, saruji, mchanga na bati vilikuwa juu yetu. Asubuhi nilimwuliza, akanitajia bila kusitasita: tofali 700 kwa shilingi 150 moja, yaani 105,000; mifuko minne ya saruji, 88,000; mchanga na kokoto, 60,000; bati nne, 112,000. Hizo ni 365,000. Ukiongeza ujira, jiko la 185,000 limekuwa la 550,000. Karatasi ya fundi wa mjini ilitia vifaa vyote, lakini haikutia kubomoa wala kusomba. Nilipompigia simu aliongeza 60,000, ikawa 800,000. Karatasi ya Kibondo ilitia vyote isipokuwa kesho. Mtungi ule, kwa mapishi ya mama na wajukuu, ungemaliza miezi miwili. Kuujaza ni shilingi 60,000 hivi, maana yake 360,000 kwa mwaka, karibu sawa na bei ya vyombo vyote. Na hita ingekula umeme wa LUKU kila usiku wa baridi, pesa ambayo mama asingekubali kuila. Angeizima na kurudi kwenye mkaa.

Hapo nikafahamu jambo la kwanza. Sikuwa na bei tatu za kitu kimoja. Nilikuwa na vitu vitatu, na kila fundi amekadiria kile alichokuwa nacho tayari mkononi: mwashi amekadiria ukuta, mjenzi amekadiria jengo, mwenye duka amekadiria duka lake. Hakuna aliyedanganya. Mwenye kukosa ni mimi, maana niliwaita kabla ya kuandika ninataka nini. Mtu asiyejua anachotaka huletewa alichonacho mwingine, kisha hukiita ushauri.

Nikasema vema, nitaandika. Nilitwaa karatasi safi, nikaanza: jiko litakalopika kwa kuni chache, litakalotoa moshi nje, litakalodumu miaka kumi. Nikamsomea mama ili aone jinsi mwanawe alivyo mwangalifu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, yote uliyoandika ni ya chungu. Mimi nitaketi wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole, kama anayemwonea mtoto huruma. Alisema kupika hakumsumbui, chakula chake ni kidogo. Kinachomsumbua ni jioni. Jioni magoti hukaza, usingizi haujaja, na watoto wanataka kusimuliwa. Zamani waliketi wote jikoni mpaka miili ikapata moto, kisha wakaenda kulala na joto lao. Nyumba mpya ina viti vizuri vya wageni, lakini viko mbali na moto. Gesi huchemsha maji na kuzimwa. Haimwachii mtu kitu cha kuota. Jiko la kupikia kwa kusimama ni la mwenye magoti. "Sikutia mkaa chumbani kwa ujinga," alisema. "Nilitia kwa sababu moto ulikuwa nje na mimi ndani."

Nikarudi kwenye ukurasa wa daftari la fundi mzee, nikayasoma tena maneno mawili niliyokuwa nimeyakata kwa wino mwekundu kama gharama isiyo na maana: "kibaraza, 15,000." Nilimwendea kumwuliza ni nini. Alinichorea mchangani kwa kijiti. Ni benchi la tofali lililoungana na ubavu wa meko. Moto ukiwaka, tofali hunywa joto. Moto ukifa, tofali hulitoa polepole kwa saa kadhaa, na anayeketi hapo hupata joto bila moshi. Kaskazini mwa China watu wamejenga tangu kale vitanda vya tofali viitwavyo kang, ambavyo moshi wa jiko hupita chini yake kabla ya kutoka nje. Na Wakorea hupasha sakafu zao kwa maarifa ya namna hiyo, yaitwayo ondol. Fundi wetu hakupata kusikia habari za China wala Korea. Aliketi tu kwenye kiti karibu na mwanamke mzee, akamwuliza huketi upande gani. Katika makadirio yote matatu, shilingi 15,000 zile ndizo peke yake zilizomtaja mama.

Hata hivyo sitaki kusema kuwa mzee alikuwa na hekima yote na wengine hawakuwa nayo. Fundi wa mjini alikuwa na haki juu ya dohani: alinionyesha kuwa bomba la moshi lisilopita kilele cha paa hurudishiwa moshi na upepo, na dohani aliyoichora mzee ilikuwa fupi. Nilimlipa ujira wa siku moja kwa ushauri ule, akastaajabu kidogo, akaupokea. Dada yangu naye alikuwa na haki. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na huko kwetu sababu zinaonekana kwa macho. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo; ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa wale wa Burundi. Wenyeji na wageni wote wakapika kwa misitu ile ile, na wanawake wakaenda mbali zaidi kwa mzigo ule ule wa kuni. Mama ana miti yake aliyoipanda mwenyewe, na matawi yake yanamtosha, wengi hawana. Kwa hiyo tulipatana hivi: mzee ajenge, dohani ifuate shauri la kijana, na dada anunue mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kwa chai ya asubuhi.

Safari hii niliandika mapatano kama ilivyopasa. Nilitaja tofali ngapi na nani azilete. Dohani ipite kilele cha paa. Kibaraza kiwe na urefu wa watu wanne, kwa kuwa wajukuu ni watatu. Malipo tuliyagawa mafungu matatu: fungu la kwanza siku ya kuanza, la pili kuta zikifika kwenye bati, la tatu baada ya moto kuwaka jioni tatu mfululizo bila moshi kurudi ndani. Mzee hakusoma sana, lakini alipenda sharti la mwisho kuliko mimi. Alisema kazi ya jiko haikaguliwi mchana.

Naye alisema kweli. Jioni ya kwanza, mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, upepo ulitoka upande wa mashariki na moshi ukajaa jikoni, tukatoka wote tukilia machozi na kucheka. Dohani ilipita kilele cha jiko, lakini nyuma yake lilikuwapo paa refu la nyumba yangu, ambalo mimi wala mafundi hatukulikumbuka. Ilibidi kuongeza nusu mita ya tofali, kwa shilingi 40,000. Mzee alitaka kuchukua hasara hiyo yeye. Nilikataa, maana nyumba iliyozuia upepo ni yangu. Pamoja na hayo yote hesabu ilifika 590,000, mbali na mtungi wa dada. Jioni ya pili moshi ulipanda wima. Jioni ya tatu, na ya nne, vivyo hivyo. Nikatoa fungu la mwisho.

Jiko la mkaa tulilitoa chumbani, na mama mwenyewe aliamuru lisivuke tena kizingiti. Kikohozi chake hakikuisha. Mapafu ya miaka sabini hayafanywi mapya kwa tofali. Kimepungua, na usiku anasema analala. Nikimpigia simu jioni husikia sauti za watoto karibu naye, na mara nyingi huniambia nipige baadaye kwa kuwa hadithi haijaisha.

Nimezihifadhi karatasi zile tatu katika jalada moja na karatasi za mitihani. Huzitazama kila ninapotaka kulinganisha vitu, viwe bei, vitabu au watu. Kulinganisha ni jambo jema na mwenye pesa chache hana budi kulifanya, kwani rahisi huweza kuwa ghali na ghali huweza kuwa bure. Lakini kabla ya kuuliza ni ipi iliyo ndogo, yatupasa tuulize ni ya nini. Na kabla ya kuuliza ni ya nini, tumwulize atakayeketi hapo. Swali hilo halina gharama. Mimi nililiuliza mwisho, baada ya kukaribia kumpoteza aliyekuwa na jibu lake.